Yah: Picha za marehemu mama zinaombwa kwa maonyesho Kariakoo

Kutoka: Binti wa Mtaa wa Sikukuu, Reading

Wadau, habari za masiku. Wakubwa zangu shikamooni.

Mama yetu alitutoka mwezi wa tatu. Arobaini tulimaliza salama, na katika kugawana vilivyobaki mimi niliangukiwa na albamu. Ni zile albamu za kurasa za gundi zenye nailoni juu. Picha zinapita mia, nyingi za Kariakoo, tangu mama alipoolewa Mtaa wa Sikukuu hadi tulipohamia Tabata. Nyumba yenyewe haipo tena. Ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, yenye baraza walipokuwa wakikaa wazee jioni na bao lao, leo ni ghorofa la maduka ya simu.

Kuna vijana huko Dar wanaandaa maonyesho ya picha za Kariakoo ya zamani, picha zilizotoka majumbani mwa watu. Binamu yangu kawatajia albamu. Wamenipigia, wanaongea kwa adabu, wanaomba niwatumie albamu nzima kwa mkono wa mtu anayesafiri mwezi ujao. Moyo wangu unataka picha hizi zirudi mtaani kwake. Ila nikiwaza albamu imo ndani ya begi la mtu nisiyemjua, inabadilishwa ndege huko katikati ya safari, usingizi haunijii.

Mliowahi kufanya jambo kama hili, mlifanyaje? Nitume zote, nichague, au nikatae?

Na kuna moja imeganda, siwezi kuibandua. Mama yuko studio na wanawake wawili. Mbele yao kuna stuli, juu ya stuli redio, nyuma pazia lililochorwa ngazi na bahari. Mama kavaa gauni linaloishia juu ya goti na kasimama kama aliyeambiwa asipumue. Wale wawili siwajui. Sikuwahi kumwuliza, na sasa sina wa kumwuliza.

---

Kutoka: Kaka wa Ilala, Manchester

Pole sana dada. Mungu amlaze mama mahali pema.

Picha zenyewe usitume. Mwaka 2011, wakati wa miaka 50 ya Uhuru, alikuja mtu nyumbani kwetu Ilala na barua yenye mhuri, akisema wanatafuta picha za wazee kwa maonyesho. Baba akazibandua mwenyewe ukutani na kumpa kumi na nne, ikiwemo ile yake akiwa na tarumbeta. Hatukuona irudiyo hata moja. Tulipofuatilia tukaambiwa yule mtu hayupo tena kazini. Nakala hatukuwa nayo. Baba hakuwahi kumlaumu mtu, alikuwa akisema tu "zitarudi", mpaka tukamzika. Ukutani kule alama za fremu bado zipo, rangi haijafifia pale zilipokuwa.

---

Kutoka: Shangazi yenu, Upanga

Marahaba wanangu. Pole mwanangu wa Reading kwa msiba.

Kwa wageni wa jukwaa hili: niliishi Minneapolis miaka kumi na minane, nikifanya kazi ya kutunza picha kwenye maktaba, kisha nikarudi nyumbani. Hapa Dar nimeshawasaidia vijana kutundika maonyesho matatu. Kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kaka yako amesema kweli. Vijana hawahitaji karatasi yako, wanahitaji nakala nzuri. Ulizia maktaba ya mji wenu kama wana skana ya kulaza. Skani kwa dpi 600 (yaani nukta kwa kila inchi), na zile ndogo za pasipoti saizi kwa 1200, uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyobana picha ikapoteza ubora. Kopi moja iwe kwako, nyingine kwa ndugu aliye nchi nyingine. Ukiwatumia kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na ikikuzwa ukutani inakuwa ukungu. Na skani mgongo wa kila picha. Watu wengi wanaacha mgongo, wakati huko ndiko kuna mhuri wa studio, tarehe, na ule mwandiko wa "Kumbuka mimi nawe pia".

Hiyo iliyoganda usiivute, wala usiipashe moto kwa mashine ya nywele. Chukua uzi wa kusafishia meno, usiotiwa nta wala ladha. Anzia kona moja, upitishe nyuma ya picha kwa kwenda na kurudi, polepole mno, ukurasa ukiwa umelala mezani. Utasikia gundi inaachia, ina mlio mdogo wa kukwaruza. Ikigoma katikati, acha. Iskani na ukurasa wake, hakuna hasara. Zikishatoka ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, kila moja peke yake. Zile nailoni laini zenye harufu ya plastiki mpya ndizo zinazoua picha, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu zinaua haraka. Majina andika kwa penseli laini pembezoni mwa mgongo. Kalamu ya wino inapenya mpaka usoni.

Sasa nije kwenye lililonikaa moyoni. Umesema wale wawili huwajui. Mwanangu, hapo ndipo ilipo kazi, kuliko skana na begi la msafiri.

Nimehudhuria maonyesho mengi katika jiji hili: Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Boma la Kale, kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni, na vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani huku kwetu Upanga. Yapo yaliyonitoa machozi. Lakini mara nyingi nakuta picha imekuzwa kama mlango, taa nzuri, fremu ya mninga, na chini yake: "Wanawake wa Kariakoo, miaka ya 1960". Basi. Watu wanapita, wanasifu mitindo ya zamani, wanakwenda kunywa juisi. Mtu mzima aliyekuwa na jina, baba, mume na ugomvi na jirani yake amegeuzwa pambo la ukuta.

Na Kariakoo si mahali pa kufanyia hivyo. Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi pale. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi wao hawakuandikwa majina popote. Anayeshuka daladala akaingia Mtaa wa Narung'ombe au Mtaa wa Mahiwa kununua vitenge anakanyaga majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini. Mtaa mzima umesimama juu ya watu tusiowajua. Tusiongeze wengine wakati jamaa zao bado wapo hai Temeke na Buguruni.

Kwa hiyo kabla hujatuma chochote, tafuta mtu wa rika la mama. Usimwulize "hawa ni akina nani?" peke yake, maana mzee akikosa jina anaona aibu na kunyamaza. Mwulize gauni lilishonwa wapi, studio ilikuwa mtaa gani, siku hiyo kulikuwa na nini. Mrekodi kwa simu. Jina litakuja lenyewe akiwa anasimulia kitu kingine.

Na picha yenyewe inasema ukiitazama vizuri. Hilo gauni fupi nalo ni ushahidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, na wasichana walikimbizwa na kuvuliwa hadharani hapo hapo Kariakoo. Simaanishi kwamba ni lazima picha iwe ya kabla. Huenda ni ya baada, na huenda ndiyo sababu walikwenda kupigia studio, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Atakayejua ni aliyekuwepo. Kwa picha za nje, tafuta soko: likionekana lile jengo lenye paa la zege kama miavuli mikubwa, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli iliyofunguliwa 1975, ujue unatazama miaka ya sabini au baadaye. Baada ya moto wa Julai 2021 hata picha ya kawaida ya soko hilo imekuwa ya thamani, zisikani zote.

Halafu idhini. Wale wanawake wawili huenda leo mmoja ni hajati, ana wajukuu, na hataki magoti yake yaonekane mtaani. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, adabu inatosha. Uliza wenyewe au watoto wao. Wakikataa, picha haitundikwi, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Na vijana waandikishe karatasi moja tu, kwa Kiswahili: nakala ni za maonyesho haya peke yake, haziuzwi, haziingii kwenye tangazo, jina la mama liandikwe, na wewe uyasome maelezo kabla hayajachapwa. Wakisita kusaini hilo, umeshapata jibu lako. Na waombe watundike mtaani kwenyewe, kwenye turubai, ukutani au barazani, angalau siku mbili. Mama muuza ndizi wa Mtaa wa Mkunguni haendi Mikocheni kutazama picha, na yeye ndiye atakayesema "huyu namjua".

---

Kutoka: Mdau wa Hamburg

Shangazi shikamoo. Umenigusa kwenye majina, naomba niongeze la huku niliko.

Wengi mnajua ile sanamu ya askari katikati ya mji wa Dar, barabara ya Samora, ambayo wazazi wetu waliiita Bismini. Askari yule aliwekwa na Waingereza mwaka 1927. Bismini ni matamshi yetu ya Wissmann, gavana Mjerumani ambaye sanamu yake ilisimama mjini kabla ya vita. Waingereza wakaing'oa, ikaletwa hapa Hamburg na kusimamishwa chuo kikuu mwaka 1922, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Yaani Mjerumani kaondoka zaidi ya miaka mia iliyopita, na jina lake likabaki kwa askari Mwafrika asiye na jina. Kila nikipita karibu na chuo kile nalifikiria hilo.

La vitendo: picha nyingi za Dar ya wakati wa Wajerumani zinapatikana bure mtandaoni. Zipo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi huko, ambazo hifadhi ya taifa ya Ujerumani iliziweka Wikimedia Commons, na nyingine ziko kwenye hifadhi ya picha za makoloni ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Mnaweza kuzipakua leo hii. Tatizo ni lile lile la shangazi: Mzungu ameandikwa jina na cheo, aliyembebea bunduki ameandikwa "askari" au "boi". Mtu mwenye babu aliyewahi kuwa Dar enzi hizo akae na mzee wake wazitazame pamoja. Kwa lugha ya Kijerumani, maelezo yakiwapiga chenga, niandikieni, nitatafsiri bila malipo.

---

Kutoka: Binti wa Mtaa wa Sikukuu, Reading

Shangazi, kaka zangu, asanteni mno.

Uzi wa meno umefanya kazi. Ilinichukua dakika arobaini, mikono ikitetemeka. Mgongoni kuna mhuri uliofutika nusu, nasoma "...DIO" na "DAR ES SAL", na chini penseli ya mama: "Sikukuu ya pili".

Nimemtumia mama mdogo Temeke kupitia kwa mwanawe. Nikauliza kama ulivyonifundisha, nikaanza na gauni. Akacheka sana. Kasema gauni halikuwa la mama, lilikuwa la yule wa kulia, walibadilishana mlangoni mwa studio kwa sababu la mama lilimwagikiwa sharubati ya ukwaju. Redio ilikuwa ya mwenye studio, kila mtu wa mtaa alipiga nayo. Mwaka haukumbuki, ila anakumbuka walikwenda na khanga wamejifunga juu ya magauni mpaka walipofika ndani. Kisha akanyamaza, nikamsikia anapumua, akasema: "Huyo wa kulia ndiye somo yake mama yako." Na jina akalitaja. Wa kushoto bado.

Somo wa mama alifariki zamani, lakini ana binti yake Buguruni. Nimewaambia vijana picha hii wasiiweke kwenye orodha kwanza, nyingine ishirini zitatangulia, na karatasi wamekubali kuisaini. Namba ya binti nimeshapewa. Nitampigia Jumapili baada ya adhuhuri ya huko, atakapokuwa ametulia.