Je, malipo ya uhifadhi yanatosha kumzuia mwenye msitu binafsi asikate miti?

Mkulima wa Hoima:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Marehemu baba alituachia shamba upande wa Bugoma, hapa magharibi mwa Uganda, na hekta nne hivi bado ni msitu wa asili wenye mivule na mikangazi. Wanunuzi wa mbao hawaishi kubisha hodi, na baadhi ya majirani wamekwisha fyeka misitu yao wakapanda miwa. Kaka zangu wanataka tufanye vivyo hivyo, kwa kuwa karo za watoto hazingoji. Je, mipango ya kuwalipa wenye misitu ina manufaa, na tuangalie nini kabla ya kutia saini?

Bwana Misitu Mstaafu, Masindi:
Kijana wangu, jaribio kubwa lilifanyika huko huko kwenu, Hoima na Kibaale, kati ya 2011 na 2013. Katika vijiji 60 kati ya 121, wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka iwapo wangeacha kukata, na wakaguzi waliingia msituni kuthibitisha kabla ya fedha kutolewa. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba miti ilipungua kwa asilimia 4.2 katika vijiji hivyo, na kwa asilimia 9.1 katika vile ambavyo havikulipwa, wala haikuonekana dalili kwamba waliojiunga walihamishia shoka kwingine. Lakini ni takriban theluthi moja tu ya waliostahili waliojiunga. Kwenu ingekuwa shilingi 280,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa maoni yangu kinamsaidia anayekata kwa shida ndogondogo, ila hakiwezi kushindana na miwa.

Mama Miche, Bushenyi:
Naafikiana na Mzee, ila nyongeza yangu ni hii. Huku kwetu mpango wa hewa ukaa (yaani miti kulipiwa kwa kufyonza kaboni) wa shirika la uhifadhi la ECOTRUST, ulioanza 2003, huwalipa wakulima wanaopanda miti ya kienyeji, na malipo hutolewa kwa awamu katika kipindi cha miaka kumi. Mkaguzi hupita mstari kwa mstari akihesabu miche iliyoshika, na iliyokufa sharti ipandwe upya ndipo awamu inayofuata itoke. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiipigie hesabu ya karo fedha ambayo bado haijafika. Kwanza kaeni kikao cha familia, kwa sababu mkataba ukitiwa saini na mmoja huku wengine wakiendelea kuuza magogo, malipo yatasimama kwa wote.

Bwana Misitu Mstaafu, Masindi:
Mama amesema kweli. Kama ardhi ni ya kimila, tafuteni cheti cha umiliki kinachotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1998. Msitu wenyewe mnaweza kuusajili kwa Bodi ya Ardhi ya Wilaya chini ya sheria ya misitu ya 2003. Kisha someni mkataba unasemaje kuhusu kuni zilizoanguka, dawa za miti shamba na mti mmoja wa kujengea nyumba, kwani hayo ndiyo mambo ya kila siku.