"Se" ya Kihispania: tuichukue kama -ji- au tukariri kila kitenzi?

Kijana_wa_Mto_wa_Mbu: Habari wakuu. Najifunza Kihispania, naongoza watalii. Mwalimu wa kwanza alisema "se" ni -ji- yetu, basi. Wa pili anataka nikariri levantarse, sentarse na kadhalika bila kulinganisha na chochote. Nifuate yupi?

Mama_Tanga: -ji- inakufikisha mlangoni tu. Verse ni kujiona, esconderse ni kujificha, sawa. Lakini kujifunza Kihispania ni aprender español, hakuna "se". Kunawa mikono hatuweki -ji-, wao wanasema "me lavo las manos". Halafu -ji- haibadiliki: najiona, unajiona, anajiona. Yao inamfuata mtu: me veo, te ves, se ve.

Mkalimani77: Tazama mwisho wa vitenzi vyetu, mdogo wangu. Mimi ndipo nilipofunguka. Romper ni kuvunja, romperse kuvunjika. Levantar ni kuinua, levantarse kuinuka. Abrazarse, wakiwa wawili, ni kukumbatiana. Na kibao cha "se vende" mlangoni? Inauzwa. "Se" hiyo hiyo moja, sisi tunaigawa kwa -ika, -uka, -ana na -wa.

Niipendayo kuliko zote ni irse. Ir ni kwenda, irse ni kwenda zako. Me voy, naenda zangu. Te vas, unaenda zako. Se va, anaenda zake. Inabadilika kwa nafsi kama yao!

Kijana_wa_Mto_wa_Mbu: Ya zangu na zako imeniingia kabisa. Na "se me perdieron las llaves"?

Mkalimani77: Funguo zimenipotea. Hiyo -ni- ndiyo "me". Hukuzipoteza kwa kusudi, zimekupotea. Vivyo hivyo "se me cayó el vaso", glasi imeniponyoka.

Mzee_Kombo: Kukariri nako msikutupe. Arrepentirse ni kujuta, atreverse ni kuthubutu. Hivyo havitumiki bila "se", na kwetu hakuna kiambishi cha kukuongoza. Dormirse nayo si kulala, ni kupitiwa na usingizi.

Mama_Tanga: Kweli, mzee. Na wewe kijana, kwa kazi yako anza na amri. Ukiwaambia wageni wakae, "se" inakwenda nyuma: siéntense. Ukiwakataza kushuka garini, inarudi mbele: no se bajen del coche. Hiyo ya pili ijue hata usingizini, kabla hujakutana na simba.