Filamu ya mbio za magari: kipi huifanya iwe kubwa, mwendo wa kweli au hadithi?

MLETA MADA
Wakuu, tangu filamu ya *F1* ya Joseph Kosinski itoke mwaka 2025, ubishi ni uleule. Wapo wanaosema gari ni kisingizio tu, watu wanafuata hadithi. Mimi nasema msingi ni magari kuendeshwa kweli. *Grand Prix* ya John Frankenheimer, 1966, ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70, kamera zimefungwa kwenye magari yenyewe, James Garner ameshika usukani mwenyewe. Mengi yalikuwa magari ya Formula 3, daraja la chini, yaliyovalishwa umbo la langalanga, yaani Formula 1. Karibu miaka 60 baadaye Kosinski kafuata njia hiyohiyo: magari ya Formula 2 yamerekebishwa yafanane na ya Formula 1, na Brad Pitt na Damson Idris wakaingia kuendesha. Kama kompyuta ingetosha, nani angehangaika hivyo? Mnaopinga karibuni, ila mje na vitu vinavyopimika.

LENZI PANA
Mkuu, kuendesha kweli hakutoshi. Gari la kweli linaweza kuonekana limelala.

Tupige hesabu. Kwa kilomita 200 kwa saa gari linakwenda mita 55 na nusu kila sekunde. Sinema ni fremu (picha) 24 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya fremu moja na inayofuata gari limesogea mita 2.3. Sasa weka kamera usawa wa macho ya mtu aliyesimama, tumia lenzi ndefu, ile inayovuta vya mbali, litazame gari likija moja kwa moja: hizo mita 2.3 zinapotea, gari linakua kidogo kidogo kana kwamba halitafika. Ishushe kamera hadi sentimita 30 kutoka kwenye lami, funga lenzi pana, hakikisha kuna kitu cha karibu kinachopita ubavuni, iwe ukingo wa zege, nguzo au majani. Mwendo ni uleule, lakini sasa unatisha. Lenzi ndefu nayo ina kazi yake, ila igeuzwe kulifuata gari linalopita kwa ubavu, ili mandhari ya nyuma ndiyo ikimbie.

Wasiotaka kazi hiyo hukimbilia njia ya mkato: wanapiga fremu 18 kwa sekunde na kuonyesha 24. Gari linaongezeka mwendo kwa theluthi moja, sawa, lakini bendera nazo zinapepea kwa theluthi zaidi, moshi unakimbia, kichwa cha dereva kinatikisika kama cha mdoli. Mtazamaji hajui kilichoharibika, ila ameshaacha kuamini. Wengine wanafupisha muda wa shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga. Kwa kawaida kila fremu hupata mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Ukishuka hadi 1/200 kila picha inakuwa kali mno, ule ukungu wa mwendo unaondoka na matairi yanaonekana yanarukaruka.

Halafu kuna uzito. Kamera ya milimita 70 ni mzigo. Ukiifunga kushoto mwa gari jepesi la mbio bila kuweka uzito wa kusawazisha kulia, kila kona ya kulia inazielemea zaidi tairi za kushoto, ambazo tayari ndizo zinazobeba gari. Dereva analazimika kupunguza mwendo, na wewe umepoteza kile ulichofunga kamera kukitafuta.

GIA YA NNE
Nakazia, lakini kwangu kinachoua filamu nyingi ni mguu wa dereva. Mnaijua picha hiyo: magari mawili yako sambamba kwenye mnyoofu, shujaa anapandisha gia, anakandamiza mafuta hadi sakafuni, gari linachomoka. Alikuwa anasubiri nini muda wote huo?

Chukua Le Mans ya 1966, mbio za saa 24 za Ufaransa, Ford ikipambana na Ferrari. Mnyoofu wa Mulsanne ulikuwa karibu kilomita 6 bila kizuizi. Kona za kupunguza mwendo zilikuja kuwekwa mwaka 1990. Ford GT40 Mk II ilikuwa na injini ya lita 7 na gia nne tu. Dereva anaingia gia ya nne mapema, mguu uko chini, na hakuna akiba ya nguvu iliyofichwa. Ukipita pale, ni kwa sababu ulitoka vizuri kwenye kona ya nyuma, au ulijificha kwenye upepo wa aliye mbele, au mwisho wa mnyoofu unathubutu kuchelewa kukanyaga breki kuliko yeye.

*Ford v Ferrari* ya James Mangold, 2019, haikuukwepa kabisa mtego wa mguu na gia. Kilichoiokoa ni breki. Gari la zaidi ya tani moja linatoka mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa na kuingia kona ya polepole, na hivyo hivyo kila mzunguko kwa saa 24. Diski zinawaka nyekundu, zinapata nyufa, zinapasuka. Timu ilibuni namna ya kubadilisha diski haraka gari likiwa piti, pale linapohudumiwa na mafundi, na Mangold akaliingiza hilo kwenye hadithi. Mtu asiyejua hata klachi anaelewa kwa nini gari lenye nguvu kuliko yote linaweza kushindwa, na kwa nini dereva anayejua kutunza breki ana thamani. Hicho ndicho ninachokitafuta katika filamu hizi: nimjue dereva anaamua nini, na akikosea atalipa nini.

SIKIO LA INJINI
Mbona hamgusi sauti? *Grand Prix* ilipata Oscar tatu, mbili za sauti na moja ya uhariri. *Ford v Ferrari* ilipata mbili, uhariri wa picha na uhariri wa sauti. V12 ya Ferrari, injini ya silinda 12, inalia juu, kwa sauti nyembamba. V8 ya Ford, silinda 8 za lita 7, inanguruma chini. Ukirekodi vizuri, mtazamaji anajua nani anakuja kabla hajamwona, na mhariri hahitaji mtangazaji wa kueleza nani yuko wapi.

Makosa ni yaleyale: mlio mmoja wa injini kwa magari yote, gia kubadilishwa mara saba kwenye gari la gia nne, tairi kupiga kelele za lami wakati gari liko kwenye changarawe.

KUMBUKUMBU
Mimi nina ugomvi mwingine, nao ni ukweli. *Rush* ya Ron Howard, 2013, ilipewa msimu wa Formula 1 ambao mtunzi asingethubutu kuubuni, madereva Niki Lauda na James Hunt wakigombea ubingwa. Lauda anaungua kwenye ajali Nürburgring, Ujerumani, tarehe 1 Agosti 1976, tarehe 12 Septemba yuko Monza, Italia, anamaliza wa nne, na ubingwa unaamuliwa kwa pointi moja, James Hunt 69, Lauda 68. Bado filamu ikaongeza chumvi: Hunt anampiga mwandishi wa habari, jambo ambalo halikutokea, na watu waliokuwa marafiki wanafanywa mahasimu.

Dhahabu yenyewe ilikuwa kwenye tairi za Fuji, Japani, mbio za mwisho za msimu huo. Mvua kubwa, Lauda anaacha mbio baada ya mizunguko miwili. Kisha lami inaanza kukauka. Tairi ya mvua ina mpira laini, na maji ndiyo yanayoipoza. Yakiondoka inachemka na kuliwa haraka. Dereva ana njia mbili: aingie piti na kupoteza nafasi, au abaki, aendeshe kwa upole na kutafuta sehemu zenye maji azipoze. Mario Andretti alizitunza zake akashinda. Hunt aliyekuwa anaongoza zikamwishia, akaingia piti, akarudi nyuma ya wenzake na kupanda hadi wa tatu. Pointi 4 juu ya 65 alizokuwa nazo. Ukiwa na hayo, ngumi kwa mwandishi ni za nini?

MLETA MADA
Hapo sikubaliani nawe kabisa. Filamu ina saa mbili, lazima ikate na kuunganisha. Mangold kamweka Enzo Ferrari, mwenye kampuni ya Ferrari, Le Mans 1966 wakati hakuwepo, na sioni aliyedhulumika: tunahitaji uso wa mpinzani. Alichokilinda ni matokeo. Gari la Ken Miles na la Bruce McLaren, yote ya Ford, yalifika pamoja, na ushindi ukaenda kwa McLaren kwa sababu gari lake lilianza nyuma zaidi kwenye mstari, hivyo lilikuwa limesafiri umbali mrefu zaidi. Kanuni kavu kama hiyo ndiyo inayovunja moyo wa mtu, nayo imebaki ilivyo.

KUMBUKUMBU
Basi tuuweke mpaka hapo: sura zipangwe, matokeo na kanuni zisiguswe. Kwa kipimo hicho *F1* ina deni. Mhusika mkuu anavuruga mbio makusudi ili gari la usalama, lile linalowapunguza wote mwendo baada ya ajali, liingie na mwenzake anufaike, na hadithi inampongeza. Singapore 2008 timu ya Renault ilimwagiza Nelson Piquet Jr. agonge ukuta kwa faida ya mwenzake, na jambo hilo likawa kashfa ya dunia nzima. Huwezi kulifanya liwe ujanja wa kupendeza bila kumwonyesha mtazamaji bei yake.

VUMBI LA NAIVASHA
Wakuu mmezunguka Ulaya tu. Safari Rally imekuwepo tangu 1953, mwanzoni ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wajapani waliitengenezea filamu mwaka 1969, mwigizaji Ishihara Yujiro akiigiza dereva, na mwaka uliofuata Datsun ikashinda mbio zenyewe kwa kweli. Sisi wenyewe tunasubiri nini?

MLETA MADA
Ugumu nauona. Kwenye rali magari yanaondoka moja moja, kwa kuachana muda. Hakuna bega kwa bega. Mvutano utautoa wapi?

VUMBI LA NAIVASHA
Kwenye saa. Chagua kivuko kimoja cha mto, weka kamera sehemu moja na usiihamishe. Gari la kwanza linapita, mwelekezi, anayekaa kando ya dereva, anasoma muda kwa sauti. La pili linafika palepale, kwa fremu ileile, na mtazamaji anahesabu mwenyewe kabla ya kuambiwa. Kumbuka gari la pili linakuta njia mbovu zaidi: mitaro imechimbwa na tairi za wa kwanza, na kama kumekauka, vumbi bado limening'inia. Dereva achague, apunguze au aingie haoni. Na mapema mle gereji tuonyeshe fundi akifunga snorkeli, ule mrija unaopandisha hewa ya injini hadi usawa wa paa, na akieleza kwa sentensi moja kwamba injini ikivuta maji pistoni haiwezi kuyabana, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda na safari imeishia hapo. Baada ya hapo huhitaji muziki. Maji yakifika kwenye boneti, ukumbi mzima unatazama mrija.