Mgonjwa wa mzio wa pua asema dawa haimfai

Muulizaji: Wauguzi wenzangu, mgonjwa wangu apigaye chafya kila alfajiri ametumia dawa ya steroidi ya kupuliza puani kwa siku 3 na haoni nafuu. Je, aibadilishe?

Jibu la kwanza: Asiibadilishe bado, kwa kuwa dawa hiyo hutuliza uvimbe polepole na huweza kuhitaji hadi wiki 2 za matumizi ya kila siku. Mwangalie anavyopuliza: ncha ielekee upande wa sikio, si ukuta wa kati wa pua, ambao ukipigwa mara kwa mara hutoa damu.

Jibu la pili: Muulize pia kama hununua dawa ya kuzibua pua, kwani zailometazolini, mojawapo ya dawa hizo, ikitumiwa zaidi ya wiki moja huweza kuziba pua upya. Mashuka yake nayo yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzijoto 60, ili kuua wadudu wadogo wa vumbi la kitandani wanaoweza kuchochea mzio.

Muulizaji: Ahsanteni. Kweli, alikuwa akielekeza ncha katikati, nimemwonyesha upya.