Mjadala: Ni halali watu wengi wafe ili vizazi vijavyo vineemeke?

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi hapa Mwanga, Kigoma, kijiwe kizima kilibishana baada ya jamaa mmoja kutoa hoja hii: dunia imefikisha watu bilioni 8 tangu 2022, misitu inakwisha, kwa hiyo hata wakifa nusu, watakaobaki na vitukuu vyao wataishi vizuri karne na karne. Ushahidi wake ni tauni iliyoipiga Ulaya 1347 hadi 1351. Ilifyeka theluthi ya watu au zaidi, kisha vibarua wakaanza kulipwa vizuri.

Mimi napinga, na naanzia hapo hapo kwenye tauni. Ni kweli vibarua waliadimika. Lakini Uingereza, mwaka ule ule wa 1351, wakubwa walitunga sheria kuzuia mishahara isipande. Walionusurika ilibidi waipiganie nafuu yao. Na Ireland je? Njaa iliyoanza 1845 iliua watu kama milioni moja. Waliobaki hawakuneemeka, walipanda meli kwa wingi kukimbilia Marekani.

Sasa turudi kwetu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko kwao walirundikana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba haikuweza kusogea ufukweni, hivyo mama na mwanawe mgongoni alipelekwa kwa boti ndogo hadi ubavuni mwa meli, ndipo apandishwe. Kwa hesabu ya jamaa yetu, hao walikuwa ziada. Waliowapa maji ya chumvi na sukari na kuwaleta mjini hawakuuliza kwanza dunia ya mwaka 2500 itafaidika nini, na walifanya sawa kabisa. Mtu ambaye hajazaliwa hana deni la uhai analomdai mtoto wa Kagunga, wala hakuna aliyetutuma tumdaie.

Kuna sehemu ngumu, sikatai. Daktari mwenye dripu tano na wagonjwa kumi lazima achague, na hatumwiti muuaji. Ila ugonjwa hakuuleta yeye, na ikipatikana dripu ya sita anaitundika mara moja. Anayetaka watu wafe ili mpango wake utimie, hiyo dripu ya sita ataificha.

Mnaomuunga mkono jamaa, karibuni. Nijibuni hili tu: orodha ya wa kufa anaiandika nani, na ndugu zenu mmewaweka ukurasa gani?