Fainali iko Amaan, sie wa Nungwi twaonyeshwa magari ya Monaco!

Assalaam alaykum wakuu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira, mniwie radhi.

Naanza na suali. Hapa Nungwi, mtu aliyezaliwa hapa, asiyekunywa pombe, kamshika mtoto mkono na ana elfu tano mfukoni, akitaka kuangalia mpira mubashara aende wapi? Msinambie hakuna skrini. Teremka ufukweni karibu na mnara wa taa, tembea kuelekea Kendwa, utahesabu tivii mpaka uchoke. Kuna nyengine kubwa kama mlango wa jahazi. Lakini hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili yako weye.

Nilinyamaza tangu Mei 2025 nikasema yamepita. Juzi yamenikuta tena, kwa hiyo leo nayasema yote.

Mei 25, 2025, Jumapili. Simba na RS Berkane, fainali ya Kombe la Shirikisho, mkondo wa pili. CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, waliiondoa Uwanja wa Mkapa, Dar, kwa sababu ya hali ya uwanja, wakaileta Amaan. Fainali ya Afrika, Unguja, wakuu! Kule Morocco tulishakula mbili bila, lakini mbili si mlima, tunazirudisha. Taabu ikawa tiketi. Mkapa wanaingia watu 60,000, Amaan 15,000, na nusu ya Dar ilishapanda boti. Nilimtuma shemeji yangu wa Mwanakwerekwe anitafutie mbili, yangu na ya binti yangu wa miaka 11. Jibu lake lilikuwa sauti ya kwenye simu, anacheka tu mwanzo mpaka mwisho.

Nikasema haidhuru, mie niko Nungwi. Mji wa wageni, dishi kila paa. Nitakosaje?

Sasa mjue kazi yangu: fundi wa mashua. Napiga misumari na kutia kalafati pale pale ufukweni, wageni wakipita wananipiga picha bila kuniomba. Kuna baa moja, jina naliweka kapuni, kaunta yake ni mashua kuukuu iliyokatwa ubavu. Nani aliyeikata? Mie. Nani aliyeipiga msasa na kuipaka mafuta siku tatu? Mie. Nikaona pale nafahamika, tutaagiza soda mbili tukae pembeni. Baada ya laasiri tukatoka, mtoto kavaa jezi yake nyekundu, mie kanzu nimeivua nimevaa shati.

Mlinzi akanisimamisha njiani. "Unakwenda wapi?" Kuangalia mpira. "Papasi hawaruhusiwi." Papasi, yaani wale vijana wanaowaganda wageni ufukweni! Na mtoto mkononi! Papasi gani anayefuata wageni na mtoto aliyevaa jezi? Nikamwambia mie ndiye niliyetengeneza ile kaunta. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba bahari ni yangu. Mwisho akatoka kijana wa ndani anayenijua, tukapitishwa.

Ndani kuna skrini tatu. Ya kwanza, magari ya Formula 1 kutoka Monaco, nayo yalikuwa yanaanza saa 10 jioni hiyo hiyo. Ya pili, tenisi kutoka Paris, siku ya kwanza ya mashindano. Ya tatu, picha za samaki. Samaki, wallahi! Samaki wa rangi rangi wanaogelea, hakuna sauti, na bahari yenyewe iko hatua ishirini.

Nikamwomba mhudumu kwa adabu zote: ndugu yangu, hiyo ya samaki tutilie Amaan. Akasema mpaka amuulize meneja. Meneja akasema wageni wanaangalia. Nikawahesabu hao wageni wanaoangalia samaki: mmoja, na yeye kalala, kofia imemfunika uso. Kwenye magari walikuwa watatu. Halafu nikaletewa karatasi kwamba kila anayekaa upande wa skrini lazima atumie shilingi 25,000 kwa kima cha chini. Mtoto naye kahesabiwa. Elfu hamsini, niangalie samaki!

Mlangoni palikuwa na ubao wa chaki: saa 12 jioni mechi zote za mwisho za Ligi ya Uingereza. Ilikuwa kweli, siku ile ndiyo walifunga msimu, mechi kumi kwa mpigo. Liverpool alishatawazwa zamani, mechi nyingi hazina hata maana, lakini zimeandikwa kwa chaki ya rangi tatu. Fainali inayochezwa kisiwani humu, daladala moja tu na umefika, haina hata nukta kwenye ubao.

Tukiwa tumesimama pale hatujui turudi au tubembeleze, ikaja kelele. Haikutoka kwenye skrini, ilitoka nyuma yetu, upande wa mji, kelele ya watu wengi kwa mara moja. Binti yangu akaruka: "Baba, bao!" Dakika ya 17, Joshua Mutale. Bao la fainali ya Afrika tumelisikia tu, mbele ya macho yetu magari yanazunguka vichochoro vya Monaco. Yule wa samaki hata hakugeuka.

Tukakimbia mjini.

Sasa msidhani mabanda ya mpira nayaachia. Siku za kawaida kiingilio 500, mechi kubwa 1,000. Siku ile 3,000, na mtoto 3,000, eti anakalia nafasi ya mtu. Hakukaa hata hiyo nafasi, alisimama juu ya kreti ya soda kanishika bega. Joto la mabati, moshi wa sigara, benchi la ubao lenye misumari iliyochomoza (mie misumari naijua, ile imepigwa na mtu asiyeogopa Mungu). Matusi sasa, sitaki hata kuyaandika. Mle ndani mtoto wa kike alikuwa mmoja tu, wangu, na kila dakika mbili mtu ananigeukia: "Ami, huyu si angebaki nyumbani?" Abaki nyumbani kwa nini? Mama yake pia alitaka kuja, akaangalia lile banda akarudi zake bila kusema neno. Wapo kina mama wengi hapa mjini wanaojua kikosi cha Simba na cha Yanga kuliko nyinyi mnaobishana barazani, na hawana pa kuangalia hata siku moja.

Ngoja nimalize. Mapumziko tunaongoza 1-0. Kipindi cha pili kinaanza tu, Kagoma kadi nyekundu. Kumi dhidi ya kumi na moja, na bado tunasukuma. Wale wenzetu wa Wananchi, yaani Yanga, waliokuja kumshangilia Berkane (mlikuwa nusu ya banda, nawajua kwa majina) wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Halafu Mukwala akatia nyavuni. Banda likapasuka. Mbili bila! Jumla mbili mbili! Nimekumbatiwa na mtu simjui hadi leo, ana jasho kama katoka kuchota maji. Refa akashika sikio. VAR, marudio ya video. Kimya. Skrini inaonyesha mistari ya kuotea, banda zima limesogea mbele kama linataka kuingia kwenye tivii.

Giza.

Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, imekwisha! Mwenye banda kajaza watu, kakusanya 3,000 kila kichwa, na hakutia umeme. Zile pesa zote za mlangoni hata za kununua umeme wa jioni moja hakutoa. Ikaanza kazi ya kununua kwa simu. Simu yake haina salio. Simu ya mwengine mtandao umeganda. Mwisho mtu akanunua, zikaja zile tarakimu ishirini, mwenye banda anasomewa gizani na watu arobaini kwa pamoja, kila mtu anasoma yake. Kakosea. Karudia. Umeme ukarudi, king'amuzi nacho kikaanza upya kwa raha zake, kinatafuta mawimbi.

Picha ilipokuja pale juu imeandikwa 1-0. Ndivyo tulivyojua kwamba Mukwala kaotea. Dakika za nyongeza Sidibé akasawazisha, 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco. Sisemi tungeshinda umeme ungekuwepo. Nasema nilikuwa na haki ya kuumia kwa wakati wake, si kuletewa maumivu yote kwa pamoja baada ya king'amuzi kuwaka. Tukadai arudishe hata buku moja kila mtu. Akasema: "Mpira si mmeona?"

Tukirudi tukampita Ami yangu barazani, redio yake ya betri pembeni na gilasi ya kahawa. Ubingwa wa Challenge, kombe la Afrika Mashariki na Kati, wa 1995, Zanzibar ilipochukua kombe kule Uganda, aliufuata kwa redio na hadi leo ndivyo anavyofuata kila kitu. Yeye kauli ya VAR kaipata pale pale, kuotea kajua, kusawazisha kajua, na kahawa haijapoa. Mie nimetumia 6,000, nimeitwa papasi, na nimejua baadaye kuliko mzee wa miaka 74 aliyekaa.

Haya, hiyo ya zamani. Ya juzi ni hii.

Mnajua Ulaya wakirudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mambo yote huku yanahama. Zile mechi za Uingereza za Jumamosi tulizokuwa tunaangalia saa 11 jioni zinakuwa saa 12. Yaani mpira umeanza tu, magharibi hii hapa. Banda linazimwa, na linafanya vyema, hapo sina ugomvi, swala ni swala. Ugomvi wangu ni kwamba mkitoka msikitini unakuta mwenye banda anadai kiingilio upya, kwa sababu "hii ni awamu ya pili". Awamu ya pili ya nini? Ni mechi ile ile! Juzi nimelipa mara mbili kuona Arsenal dakika hamsini.

Na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, iliyokuwa saa 4 usiku, inakuwa saa 5. Inakwisha saa 7 usiku. Mabanda saa hizo yamefungwa, hakuna wa kuwalaumu, watu wana watoto wa skuli na wavuvi wanaamka alfajiri. Zinabaki baa za ufukweni tu, na kule tushaona.

Na kingine ambacho wageni hawakijui: mpira wote hauko mahali pamoja. Ligi Kuu ya Bara haki zake ziko Azam, mkataba wa miaka kumi tangu 2021. Ligi ya Uingereza iko SuperSport. Kwa hiyo mwenye banda akitaka kuonyesha vyote inabidi awe na ving'amuzi viwili na alipie vifurushi viwili, na wengi hapa wanalipia kimoja, kwa zamu. Wiki hii Yanga, wiki ijayo Manchester. Unafika na kiingilio mkononi unaambiwa "mwezi huu tuko upande wa pili". Andikeni mlangoni basi! Baa wana chaki za rangi tatu, nyie mmekosa hata mkaa?

NYONGEZA: Naona mshaanza. Kwa wanaosema "nunua king'amuzi chako uangalie kwako": mie nalipwa mashua ikimalizika. Kuna miezi mitatu sishiki pesa, halafu napata kwa pamoja na nusu inakwenda dukani kulipa deni. Kifurushi hakingoji mashua. Na tivii yangu ina ufa toka kona mpaka kona, mchezaji akikimbilia winga ya kulia anapotea.

NYONGEZA YA PILI: Kwa aliyeniambia baa ni mali ya mtu na ana haki ya kuweka bei anayotaka. Sawa, ni mali yake. Basi na mie mashua ni ufundi wangu, mwenye baa akija na ile kaunta yake inayooza upande wa chini (inaoza, nimeiona, maji ya sabuni yanaingia kwenye maungio) naye nitamwekea kima cha chini cha kulipa, kama alivyoniwekea mie. Hata akiwa amelala na kofia usoni.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Mtaniambia tena skrini ya tatu ina samaki?

Ninachotaka hapa si pole. Anayejua mahali, Nungwi, Kendwa, Matemwe, hata Mkwajuni, penye ving'amuzi viwili, tukuza imejazwa kabla ya mechi, mtoto wa kike anakaa bila kutukaniwa, na ukitoka kuswali huchajiwi tena, aweke jina la mtaa hapa chini na kiingilio. Ukinambia nije Paje, nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili naomba uitume kabla, na daladala 116 ya mwisho ya kurudi Nungwi utaizuia weye mwenyewe.