Bibi na mwongoza wageni

Kikundi: UKOO WA MPUNGUZI 🍇

JUMATANO

*Neema* 19:04
Mbukwenyi ukoo! Jumamosi ndiyo hiyo. Yule kijana mwongoza wageni amekubali, siku nzima, Kosta ni yake. Tunaanzia stesheni ya zamani saa mbili asubuhi, kisha Bihawana, shamba la zabibu Mpunguzi, chakula cha mchana hapohapo kijijini, halafu tunarudi mjini kuonja waini.

*Mama Zuhura* 19:06
Mbukwa mwanangu. Sisi tunapanda SGR Ijumaa jioni. Baba Zuhura anauliza, na Kolo je?

*Baba Zuhura* 19:07
Nauliza mwenyewe, simu ninayo. Mtu anatembeza watu historia ya Dodoma halafu anaruka michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa? Iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006!

*Neema* 19:09
Shikamoo mjomba. Kolo ni zaidi ya kilomita 150 kwenda tu, bado kupanda miamba kwa miguu. Na sisi tunashika barabara ya Iringa, upande mwingine kabisa. Tukiunganisha, chakula cha mchana tutakula saa moja usiku.

*Baraka* 19:09
Na waini tutaonja kesho yake na chai 😂

*Baba Zuhura* 19:12
Marahaba. Basi nimeshindwa na barabara, sijashindwa na hoja. Kondoa tutapangia safari yake.

*Neema* 19:15
Mchango ni 65,000 kwa mtu mzima, watoto nusu. Wasiokunywa wanalipa 50,000, nimeshabishana naye hilo. Watapewa juisi ya zabibu.

*Baba Zuhura* 19:15
Hapo umefanya kazi.

*Tumaini* 19:31
Bibi anasema niandike anavyosema, nisipunguze. "Huyo kijana ni mtu wa wapi? Nimezaliwa Mpunguzi, nimechuma zabibu mpaka vidole vikawa vyeusi, leo nimlipe mtu anionyeshe kwetu?"

*Neema* 19:33
Bibi shikamoo. Wewe hulipi chochote. Wajukuu wa Dar ndio hawajui kitu, na gari ni lake.

*Tumaini* 19:36
"Marahaba. Basi nitakuja nimsikilize."

*Baraka* 19:36
Namuonea huruma huyo kaka 🙆🏾‍♂️

IJUMAA

*Neema* 21:40
Agosti hii asubuhi ni baridi na upepo wa vumbi, mchana jua linachoma. Njooni na sweta na kofia. Viatu vya kufunika, shambani kuna michongoma. Na mle kitu kabla ya kutoka, sitaki mtu wa kuonja waini na njaa kama harusi ya mwaka juzi. Anajijua.

*Baraka* 21:41
Jina langu halijatajwa kwa hiyo siyo mimi

JUMAMOSI

*Elia (Mwanza)* 08:20
Tulio kazini tutumieni habari jamani. Msinyamaze.

*Tumaini* 08:34
Tuko stesheni. Kaka anaeleza Wajerumani walivyoanza reli Dar 1905, wakafika hapa 1910, Kigoma 1914. Anajua vitu vyake kwa kweli.

*Tumaini* 08:41
Ameanza ya tembo 😬

*Elia (Mwanza)* 08:41
Tembo gani?

*Tumaini* 08:45
Jina la Dodoma. Tembo alikuja kunywa maji akanasa kwenye tope, watu wakasema "idodomya", amedidimia. Bibi kamwacha amalize vizuri. Halafu kamuuliza, "Na ng'ombe wa Wahehe umewaweka wapi?"

*Mama Baraka* 08:52
😂😂 Niko zamu lakini hii siachi. Endelea.

*Tumaini* 08:58
Bibi anasema Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe wakawala wote, wakabakiza mikia. Wakaichomeka kwenye tope. Wahehe walipofika wanafuata nyayo wakaonyeshwa mikia: poleni, ng'ombe wenu wamedidimia. Idodomya!

*Baba Zuhura* 09:01
Kijana wa watu kacheka mpaka kashika nguzo. Kasema na hiyo anaijua ila wageni huwa anawapa ya tembo, ya mikia anaona itatuchafulia jina. Bibi kamwambia usichague, toa zote mbili.

*Elia (Mwanza)* 09:03
Kwa hiyo mji mkuu wa nchi umepewa jina la wizi wa mifugo. Safi sana.

*Neema* 09:50
Tuko Bihawana. Kanisa, miti mikubwa, kimya kizuri. Hapa ndipo mapadri wa Kiitaliano walipopanda mizabibu yao, walitaka divai ya misa. Wanakijiji wakaangalia, wakachukua vipandikizi, wakapanda kwao. Watu wanadhani zabibu za Dodoma zilianzia kwenye mradi fulani wa serikali. Serikali ilikuja baadaye.

*Tumaini* 09:53
Bibi anasema divai ni ya altareni, waini ni ya baa. Usichanganye.

*Baba Zuhura* 10:22
Nyie mliobaki mmekosa somo la hongo. Kuna tembe la zamani njiani, paa bapa la udongo, unaweza kuanika mtama juu. Tukakaa kivulini kwake. Misafara ya pwani ilikuwa ikitoka Mpwapwa inavuka nyika isiyo na maji, Marenga Mkali. Wapagazi wanafika Ugogo koo zimekauka, na visima ni vya Wagogo, nafaka ni ya Wagogo. Kwa hiyo unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa mtemi wa kwanza, unatembea kidogo, unalipa kwa wa pili. Vitambaa, shanga, waya. Stanley alipita 1871 anamtafuta Livingstone, alilalamika kweli kweli.

*Baraka* 10:23
Yaani tozo za barabarani ni urithi wetu

*Baba Zuhura* 10:25
Cheka tu. Wazungu waliandika Wagogo ni walafi. Mimi Mrangi nasema hivi, mtu mwenye kisima kimoja kwenye nchi kavu akiacha watu mia tano wanywe bure, mwezi wa kumi ng'ombe wake watakunywa nini?

*Mama Zuhura* 10:26
Mume wangu leo yuko upande wa wakwe. Piga picha hii meseji 😄

*Neema* 11:35
Shambani! Wanavuna. Sauti ya mikasi tu, ka ka ka ka. Mkulima anasema hapa zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna baridi ya kulaza mzabibu kama Ulaya, kwa hiyo ukipogoa unaamka upya na kuzaa. Moja inaangukia mvua, Februari hadi Machi, nyingine kiangazi kama sasa. Ya kiangazi ndiyo tamu, haijanywa maji ya mvua.

*Elia (Mwanza)* 11:38
Wanauza kilo bei gani?

*Neema* 11:44
Hapo mkulima akakaa chini kwanza. Anasema zabibu haina subira. Imeiva, mnunuzi hajaja, kila siku inapoteza uzito na kuoza. Msimu mmoja mnunuzi wao alichelewa, akaja akapanga bei yake, wakakubali tu. Sasa wengine wanakamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wasubiri bei. Mchuzi una subira.

*Mama Baraka* 11:47
Mchuzi wa zabibu? Nikadhani wa kulia ugali.

*Tumaini* 11:58
Bibi kachukua mkasi wa binti mmoja anavuna naye. Kamwambia kata na kikonyo, usivute, ukivuta punje inachanika na nzi wanakuja. Mwongozaji anaandika kwenye simu yake kila anachosema Bibi. Kila kitu.

*Baraka* 12:02
Nimekula zabibu za waini. Zina mbegu na ngozi ngumu, siyo zile za supamaketi. Ila utamu wake unakwangua ulimi. Nimekula vichala vitatu, msimwambie mkulima

*Neema* 12:03
Mkulima yuko nyuma yako.

*Mama Zuhura* 13:40
Chakulaaaa. Ugali wa uwele, mlenda wa ilende (majani makavu yaliyosagwa) uliotiwa karanga, kuku wa kienyeji, mbuzi wa kuchoma, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tumekaa kwenye mikeka chini ya mbuyu. Nimekula kama sina aibu.

*Elia (Mwanza)* 13:42
Zuhura kala mlenda?

*Mama Zuhura* 13:49
Alikataa. Akasema unavutika kama gundi. Bibi akamwambia ndiyo, na ndiyo kazi yake, ugali wa uwele ni mkavu, bila cha kuutelezesha haupiti. Akamfundisha kukata: unachovya, unazungusha tonge, unalikata kwa ukingo wa bakuli. Sasa anadai la tatu.

*Tumaini* 14:05
Halafu pakawa kimya kidogo. Mwongozaji alimuuliza Bibi kwa nini ilende inakaushwa na kusagwa, si majani yapo tu. Bibi akasema majani yapo miezi minne. Akaanza habari za njaa ya Mtunya.

*Mama Baraka* 14:07
Mama alikuwa hapendi kuizungumza hiyo.

*Tumaini* 14:16
Njaa ya 1917 mpaka 1920. Anasema vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita hapa, kila jeshi likachukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana, ghala tupu. Mama yake alikuwa msichana, walichimba mizizi porini. Kuna watoto waliachwa kwa watu wengine wapate kula, na wengine hawakurudishwa tena. "Ndiyo maana nyumbani kwetu kibuyu cha ilende hakiishi hata kama friji imejaa." Yule mama mwenyeji akaingia ndani akatoka na cha kwake, kajaza mfuko akampa Bibi. Hawakuongea.

*Baba Zuhura* 14:18
Nami sikuwa na la kuongeza.

*Baraka* 16:20
HAYA TUMEFIKA KWENYE WAINI

*Neema* 16:31
Dada anayetuonjesha ni mtaratibu. Kwanza unaangalia rangi kwenye mwanga, kisha unazungusha glasi, unanusa, unaweka mdomoni kidogo, na ukitaka unatema kwenye ndoo. Nyeupe ya Chenin Blanc, harufu kama tofaa bichi. Nyekundu ya Makutupora. Zabibu nyekundu hata ndani maji yake ni meupe, wekundu ni wa ganda, ndiyo maana wanaichachusha na maganda yake.

*Mama Baraka* 16:33
Baraka anatema?

*Neema* 16:33
Ndoo yake ni kavu kama Marenga Mkali.

*Baba Zuhura* 16:40
Juisi ya zabibu ni nzuri sana. Nami nimezungusha glasi, nimenusa, nimesema "ina ukali wa mbali". Dada kanipongeza.

*Neema* 16:44
Lalamiko moja. Tuliahidiwa aina sita, zimekuja nne. Kijana kanyanyuka mwenyewe kwenda kuuliza, wamepunguza bili. Kabisa si kosa lake.

*Tumaini* 16:58
Sasa Bibi. Hajawahi kuonja ile nyekundu kavu. Miaka yote ile kachuma, kapima, kauza, hajawahi. Kapewa glasi. Kainusa muda mrefu. Kaweka mdomoni. Kakunja uso wote.

*Tumaini* 16:59
"Chungu! Sukari yote ile niliyochuma mmeipeleka wapi?"

*Mama Zuhura* 16:59
Chumba kizima kimelala chini kwa kucheka 😂😂😂

*Tumaini* 17:03
Dada kamweleza kwamba hamira inakula sukari, inaigeuza kileo, ikimaliza yote waini inabaki kavu. Bibi kasema "kumbe kuna aliyekula." Kaomba ile tamu. Hiyo kaimaliza.

*Elia (Mwanza)* 17:04
Glasi ya ngapi hiyo?

*Tumaini* 17:04
Sitaji, yuko hapa ananiangalia.

*Neema* 20:15
Wote mmefika? Nani ana kofia ya mjomba? Na hotpoti yangu ya bluu. Hesabu nitaweka kesho, imebaki 38,000, napendekeza apewe mama wa chakula.

*Baba Zuhura* 20:17
Apewe. Kofia anayo Baraka, amelala nayo.

*Neema* 20:26
Halafu kijana amenipigia. Ana wageni Jumamosi ijayo, anauliza kama Bibi anaweza kwenda naye, akae chini ya mbuyu asimulie ya mikia na ya ilende. Nimemwambia nitauliza.

*Tumaini* 20:34
Nimemsomea Bibi. Anasema "Asubuhi aje na gari lenye kiti cha mbele. Na aseme atanilipa ngapi."